Kipato kikikatika wakati wa janga, pesa iliyobaki igawe hivi

Siku kazi inaposimama, kabla hujagusa akiba, andika daftarini pesa yote uliyo nayo: ya benki, ya simu, ya mkononi. Mshahara ulioahidiwa usiuhesabu. Bado si pesa. Tenga kwanza kodi ya nyumba ya mwezi mmoja na dawa za anayezimeza kila siku. Kinachobaki kigawe kwa wiki 12, si 4. Janga huweza kudumu kuliko unavyodhani: dharura ya COVID-19 iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani Januari 2020 haikuondolewa hadi Mei 2023.

Mkopeshaji muone kabla ya tarehe ya malipo, maana ukishachelewa faini huwa imeshaingia. Omba kusogezewa muda kwa maandishi, kisha uliza: riba itaendelea kuhesabiwa? Hapa ndipo wengi huumia. Deni la 100,000 lenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, likisimamishwa miezi 3 huku riba ikirundikwa juu yake, linarudi likiwa takriban 106,121. Kama unaweza kulipa riba peke yake, 2,000 kila mwezi, lipa. Deni litabaki palepale.

Mbali na pesa, linda na ratiba yako ya siku: saa ya kuamka usiibadilishe. Ukifanyia kazi nyumbani, vifaa vya kazi vifungie sandukuni jioni.