Somo: Kutafuta faida kubwa kuliko zote ukipewa mlinganyo wa mahitaji na gharama

Wakuu, kila muhula wa kwanza swali ni hili hili: "Nimepewa mahitaji na gharama, faida ya juu naipataje?" Naandika yote hapa, atakayeuliza tena nitamtumia somo hili.

Mfano: fundi wa majiko ya mkaa. Kwa mwezi mahitaji ni Q = 120 − 2P. Q ni idadi ya majiko, P ni bei kwa maelfu ya shilingi. Kodi ya fremu ni 200, na kila jiko linamgharimu 12, zote kwa maelfu pia. Basi gharama yote ni C = 200 + 12Q.

Hatua ya 1. Andika kipimo cha kila herufi pembeni.

Hatua ya 2. Geuza mlinganyo wa mahitaji, P ibaki peke yake: P = 60 − 0.5Q.

Tulia hapa, maana ndipo alama nyingi zinapopotea. Watu wanaona 120 − 2P, wanadhani ndiyo bei, wanaandika mapato kuwa 120Q − 2Q². Hesabu inaendelea bila kugoma na jibu linatoka safi kabisa: Q = 27. Hakuna kitakachokushtua. Lakini fundi akiuza majiko 27 faida yake ni 731.5, wakati angeweza kupata 952. Hizo ni shilingi 220,500 kila mwezi zimepotea kwa sababu ya mstari mmoja. Kabla ya kuendelea, jiulize: upande wa kushoto wa mlinganyo niliopewa ni bei au idadi? Ukiwa idadi, geuza. Na ukishageuza, jaribu namba moja: P ikiwa 30, Q ni 60 kwenye milinganyo yote miwili.

Hatua ya 3. Mapato ni bei mara idadi: R = P × Q = 60Q − 0.5Q².

Hatua ya 4. Diferenshieti kwa Q, yaani tafuta derivativi: kasi ya kubadilika Q ikiongezeka. Mapato yanayoongezwa na jiko moja zaidi ni 60 − Q, gharama yake ni 12.

Hatua ya 5. Sawazisha hivyo viwili, maana faida inaacha kupanda jiko la ziada likiingiza sawa na linachogharimu: 60 − Q = 12, Q = 48. Rudi kwenye bei: P = 36. Faida = 1,728 − 776 = 952.

Hatua ya 6. Derivativi ya pili ya faida (derivativi ya derivativi, 48 − Q) ni −1. Ni hasi, kwa hiyo hicho ni kilele. Usiiruke: gharama ikiwa na kipeo cha tatu (Q³) unaweza kupata Q mbili, na moja ikawa ndiyo faida ya chini.

Nakaribisha maswali.

Mwaka_wa_kwanza: Mkuu, naomba majibu ya swali la 3 la asaimenti, tunakusanya kesho asubuhi.

Mwandishi: Hapana. Hatua ziko juu.

Kijana wa Uhasibu: Mimi nimepata Q = 60 na derivativi ya pili ni hasi. Somo lako lina makosa.

Mwandishi: Somo halina makosa. Umetafuta mapato ya juu, hukutoa gharama. Kwa Q = 60 mapato ni 1,800, lakini faida ni 880. Swali limesema faida.

Bi Takwimu: Samahani kaka, je, tukifanya kwa P bila kugeuza chochote?

Mwandishi: Swali zuri dada, na inawezekana. Weka kila kitu kwa P, gharama nayo: faida = P(120 − 2P) − 200 − 12(120 − 2P) = 144P − 2P² − 1,640. Derivativi: 144 − 4P = 0, P = 36. Jibu ni lile lile. Angalizo moja: usichukue 120 − 4P (derivativi ya mapato kwa P) ukaisawazisha na 12. Ya kwanza ni mapato kwa kila elfu moja ya bei, ya pili ni gharama kwa kila jiko. Havilingani.

Bi Takwimu: Na kodi ya fremu imeenda wapi? Sijaiona ikibadilisha Q.

Mwandishi: Haibadilishi. Kodi ikiwa 300, bado atauza 48 kwa 36, ila faida inashuka hadi 852. Mwanahisabati Mfaransa Cournot alishaifanya hesabu hii ya faida ya juu mwaka 1838, kwa mfano wa chemchemi ya maji ya madini isiyo na gharama ya kuyatoa. Kwake mapato ya juu na faida ya juu ni kitu kimoja. Kijana wa Uhasibu, kwa Cournot 60 yako ingekuwa sahihi.

Mchuuzi: Serikali ikiweka ushuru wa 4 kwa kila jiko, bei itapanda 4?

Mwandishi: Gharama inakuwa 16, Q = 44, P = 38. Imepanda 2 tu. Mahitaji yakiwa mstari mnyoofu na gharama ya kila jiko haibadiliki, muuzaji wa peke yake anahamishia mnunuzi nusu ya ushuru.

Mzee wa Kikokotoo: Niongeze ya chumba cha mtihani: weka 47 na 49 kwenye faida. Zote zinatoa 951.5, chini ya 952. Dakika moja tu.

Mwandishi: Asante mzee, hiyo nitaiongeza kuwa hatua ya 7.