Akwariamu ya kwanza ya maji baridi, hatua kwa hatua

Tangi langu la kwanza nililijaza maji asubuhi, na jioni yake nikaweka samaki kumi na wawili. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililowekwa nyuma yake. Siku ya nne samaki walianza kukaa juu wakihema. Wiki ilipoisha walibaki watatu. Aliyeniuzia alisema walikuwa dhaifu tangu mwanzo, nami nikamwamini kwa miezi mingi. Hawakuwa dhaifu. Waliuawa na uchafu wa miili yao wenyewe, kwa sababu ndani ya tangi jipya hakuna kiumbe wa kuuondoa, na sumu yake huwa haina rangi.

Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote katika mwongozo huu ni Hatua ya 4, ambayo kwa macho haina cha kutazama. Ukiruka nyingine utapata usumbufu. Ukiruka hiyo utazika samaki.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pake

Anza na tangi la lita 60 hadi 100. Najua dogo linavutia, lakini maji machache hubadilika haraka: chakula kilichozidi kidogo, au samaki mmoja aliyefia nyuma ya jiwe bila wewe kumwona, vinatosha kuharibu lita 15 kwa usiku mmoja. Kwenye lita 80 unapata siku moja au mbili za kugundua kosa na kulirekebisha. Kati ya tangi lililosimama na tangi la kulala, chukua la kulala. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, kwa hiyo uso mpana unawapa samaki pumzi zaidi.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha kioo, kokoto na mawe, tangi la lita 80 hukaribia kilo 100, na meza ya kawaida haikutengenezwa kwa mzigo huo. Tumia stendi imara na uhakikishe kwa pimamaji kwamba imekaa sawa. Stendi iliyoinama huvuta viungo vya kioo upande mmoja hadi vinaachia. Weka mbali na dirisha linaloingiza jua, la sivyo utafuga mwani. Tangi likishajaa halisogezwi tena, hata kidogo.

Hatua ya 2: Vifaa

Kichujio ndicho moyo wa kila kitu. Kwa tangi la kwanza, kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa kinatosha kabisa, ni rahisi kusafisha na hakinyonyi samaki wadogo. Ukinunua chenye mota, tafuta kinachozungusha maji ya tangi zima mara nne au tano kwa saa. Pampu ya hewa iwekwe juu kuliko usawa wa maji, au mpira wake uwe na vali ya njia moja, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kupitia mpira na kumwagika sakafuni.

Tunasema samaki wa maji baridi kwa sababu maji hayo hayana chumvi, lakini wengi wanaouzwa wametoka nchi za joto na wanataka nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Kama chumba chako hakishuki chini ya hapo usiku, huhitaji hita. Kama kinashuka, hesabu wati moja kwa kila lita. Kila waya unaotoka kwenye tangi uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lianguke chini badala ya kuingia kwenye umeme.

Vingine: kipimajoto, kifuniko (samaki huruka), taa, mpira wa kunyonyea uchafu, na ndoo ambayo haijawahi kuguswa na sabuni na haitaguswa. Halafu vipimo vya maji vya amonia, nitriti na nitrati, kemikali zitokanazo na uchafu wa samaki (nazieleza kwenye Hatua ya 4). Watu huviacha wakidhani ni anasa. Bila hivyo unakisia tu.

Hatua ya 3: Kokoto, mimea na maji

Osha kokoto kwa maji matupu hadi maji yanayotoka yawe safi, kisha zitandaze kwa kina cha sentimeta 3 hadi 5. Mawe uliyookota yapime kwanza kwa matone ya siki. Yakitoa povu yana chokaa, na chokaa itabadilisha maji yako polepole. Weka sahani juu ya kokoto na umimine maji juu yake, usichimbue ulichokitandaza.

Maji ya bomba huwa na klorini, iliyowekwa makusudi kuua vijidudu, nayo huunguza matamvua ya samaki. Klorini ya kawaida hupotea maji yakikaa wazi siku nzima, hasa yakitibuliwa na pampu ya hewa. Lakini mahali pengine hutumika kloramini, ambayo haiondoki kwa kusubiri. Dawa ya kuondoa klorini humaliza kazi kwa dakika chache; mimi huitumia kila ndoo.

Mimea halisi ni bora kuliko ya plastiki, na si kwa uzuri tu: inakula amonia na nitrati. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi alivyowaweka samaki pamoja na mimea ya Vallisneria na konokono, akionyesha kwamba viumbe hao wakipangwa vizuri huyashika maji yasiharibike. Vallisneria hiyohiyo bado ni chaguo zuri kwa anayeanza. Anubias pia hustahimili mengi, ila shina lake nene lisifukiwe. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe, ukilizika litaoza. Taa iwashwe saa sita hadi nane kwa siku, zaidi ya hapo mwani hutawala.

Hatua ya 4: Kukomaza tangi

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza huitoa pia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hawa wote huishi wameshikamana na vitu, hasa kwenye sifongo la kichujio, na huongezeka taratibu mno. Kukomaza tangi ni kuwalisha hadi wawe wengi vya kutosha, kabla samaki hajaingia.

Washa kichujio na hita, kisha weka amonia ya maji isiyo na manukato wala sabuni, kidogokidogo huku ukipima, hadi ifike miligramu 2 kwa lita. Pima kila baada ya siku mbili. Kwa wiki ya kwanza huenda usione badiliko lolote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Usimwage. Baadaye amonia itaanza kushuka na nitriti itapanda. Amonia ikiisha, irudishe kwenye 2. Nitriti hukaa juu muda mrefu unaochosha, halafu siku moja huporomoka na nitrati hujitokeza. Ukiweza kutia amonia ya miligramu 2 na kesho yake ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limekomaa. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita.

Kama huna amonia, tupia kibano kidogo cha chakula cha samaki kila siku kioze. Inachelewa na kunuka kidogo, ila inafanya kazi. Njia ya mkato ninayoiamini ni moja: omba kipande cha sifongo lililotumika kutoka kwa mtu mwenye tangi lisilo na ugonjwa, ukisafirishe kikiwa kimelowa, na ukiweke kwenye kichujio chako siku hiyohiyo. Hata hivyo endelea kupima.

Katikati ya safari hii maji yanaweza kugeuka meupe kama maji ya mchele. Ni bakteria wanaoelea, watapungua wenyewe. Utando wa kahawia kwenye kioo nao ni wa kawaida kwa tangi jipya. Ufute kwa kitambaa. Siku moja kabla ya kuleta samaki, badilisha zaidi ya nusu ya maji ili kupunguza nitrati iliyojikusanya.

Hatua ya 5: Samaki

Wachague kwa ukubwa watakaoufikia. Goldfish mdogo wa leo hupita sentimeta 20 na huchafua maji kupita kiasi. Hafai tangi hili. Pleko anayeuzwa kama msafisha kioo akiwa na sentimeta 5 anaweza kufikia 30 na zaidi. Madume wawili wa betta hawakai pamoja, watapigana hadi mmoja afe.

Wanaofaa: danio, wastahimilivu kuliko wote, wakiwa sita au zaidi, kambale wadogo wa jamii ya Corydoras, nao sita, kwenye mchanga au kokoto laini zisizowakata sharubu, au gapi. Kwa gapi nashauri uanze na madume pekee. Jike mmoja akishapandwa huweza kuzaa mara kadhaa bila dume, kila baada ya wiki nne hivi, na ghafla una watoto themanini wasio na pa kukaa.

Leta kundi moja kwanza. Acha mfuko uelee dakika 15 ili joto lilingane, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi ndani yake kila dakika tano kwa nusu saa hivi. Watoe kwa wavu, maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa siku hiyo. Kundi la pili lisubiri wiki mbili au tatu, amonia na nitriti zikiwa bado sifuri.

Hatua ya 6: Chakula

Wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Samaki ataomba kila akikuona, usimfuate.

Hatua ya 7: Kila wiki

Chomoa hita kwanza, maana ikibaki juu ya maji ikiwa ya moto hupasuka. Nyonya uchafu kwenye kokoto kwa mpira hadi utoe robo ya maji, kisha rudisha maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana. Kujazia maji yaliyokauka si badala ya kazi hii: yanayokauka ni maji tu, madini na nitrati hubaki nyuma na kulimbikizana. Nitrati ikizidi miligramu 40 kwa lita, badilisha mara nyingi zaidi.

Sifongo la kichujio likizibwa, lisuuze ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi. Ukilipeleka bombani, klorini itaua bakteria uliowangoja wiki sita. Nimeona matangi ya mwaka mzima yakianguka kwa usafi huo mmoja.

Mambo yakienda kombo

Samaki wakihema juu ya maji, au matamvua yakigeuka kahawia, pima kabla ya kununua dawa yoyote. Amonia au nitriti ikionekana, badilisha nusu ya maji, acha kulisha siku mbili, ongeza hewa, pima tena kesho. Magonjwa mengi niliyoyatibu mwanzoni yalikuwa maji tu.

Chengachenga nyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi ni jambo jingine: huyo ni kimelea aitwaye Ichthyophthirius. Akiwa ndani ya ngozi dawa haimfikii. Humpata anapotoka kuelea majini akitafuta samaki mwingine. Kama kichujio chako kina mkaa, uondoe usinyonye dawa, na umalize siku zote zilizoandikwa hata kama ngozi imeshatakata, kwa sababu vitoto vyake bado viko kwenye kokoto.