Mkia mmoja, dola sita

Anza na karatasi, mitego baadaye. Kule Louisiana, Marekani, mpango wa kuwapunguza nutria, wanyama jamii ya panya wakubwa wa vinamasini, ulioanza 2002 haulipi mkia wowote kama hujasajiliwa. Uwe na leseni ya utegaji, ruhusa ya mwenye ardhi na ramani ya eneo lako. Msimu ni 20 Novemba hadi 31 Machi.

Mnyama utamjua kwa meno: ya rangi ya chungwa, kama yamepakwa rangi. Mimi hutafuta kwanza njia zake, vijifereji vilivyokanyagwa kwenye majani, na vipande vya mizizi vinavyoelea. Mizizi ndiyo shida yenyewe. Akiila, udongo unakosa cha kuushika, na kinamasi kinageuka maji matupu.

Mkia ukate karibu kabisa na kiwiliwili, maana ukipungua inchi 7 haupokelewi. Angalia pia usichanganye: wa nutria ni mviringo, wa muskrati, panya mwingine wa majini, umebanwa ubavuni. Siku moja niliacha ndoo ya mikia juani "kidogo tu" nikinywa kahawa. Jioni hata mbwa alinikimbia! Tangu hapo nabeba barafu, na chumvi ya akiba.

Bei ilianza dola 4, ikapanda 5, sasa 6. Toa petroli ya boti ndipo uhesabu faida. Uingereza walifanya vingine: wategaji waliahidiwa bonasi wakimmaliza mnyama kabisa, na 1989 ikatangazwa ametoweka. Sisi tunaolipwa kwa mkia, sijui kama tungependa wa mwisho apatikane.