Mti wako hapo nyumbani ni mzima kweli? Anza kuangalia chini, sio juu

Vuli ikikaribia simu yangu haitulii, maana kazi yangu ni kupogoa na kukata miti hapa Mwanza, na karibu kila anayenipigia ananiambia hivihivi, "fundi mti uko vizuri tu, una majani mpaka raha, njoo unipunguzie juu." Hayo majani ndio yanawaponza watu. Mwembe unaweza ukawa kijani na unazaa vizuri kabisa, kumbe chini mizizi imeoza upande mmoja, siku upepo wa alfajiri unatoka ziwani unakuta mti umelala juu ya bati.

Kabla hujaugusa mti jiulize kwanza, huu ukianguka utampata nani? Mti mbovu katikati ya shamba la mihogo kule Kisesa hauna presha. Mti nusu mbovu juu ya chumba wanacholala watoto, au kibanda cha mama ntilie, au waya za umeme, huo ndio wa kuanza nao. Urefu wake unaupima na fimbo tu, ishike wima mkono ukiwa umenyooka, kipande kilichobaki juu ya ngumi kiwe sawa na umbali wa kutoka ngumi mpaka jichoni, af rudi nyuma taratibu mpaka ncha ya fimbo ikutane na kilele na ngumi ikutane na kitako cha shina, basi hapo uliposimama mpaka kwenye mti ndio urefu wake. Hii ni kwa sehemu tambarare, sisi wa milimani tunakadiria hivyohivyo. Kujua utafika wapi ukianguka mimi huwa naongeza na nusu ya urefu huo, maana matawi yakivunjika yanaruka mbali.

Haya sasa kitako. Toa matofali, kuni na makorokoro yote uliyoegesha pale, fagia, zunguka shina lote. Tafuta uyoga, sio ule laini unaoota kwenye nyasi mvua ikinyesha, nasema ule mgumu kama ubao, umebandikwa kwenye shina kama sahani, juu kahawia na ukingo mweupe. Ukiuona hapo chini au juu ya mizizi ujue kuvu imekula ndani siku nyingi, hilo unaloliona ni tunda lake tu. Kuna mama mmoja alikuwa anaukwangua kila mwaka ili mti upendeze, yaani ni sawa na kufuta moshi ukutani ukaacha moto.

Halafu gonga, mchi wa kinu unatosha. Mbao nzima inalia kavu, palipo na pango panalia kama ngoma. Ila pango peke yake sio hukumu ya kukata, mti unashikiliwa na ile mbao ya pembeni. Kipimo tunachotumia ni theluthi ya nusu upana, kwahiyo shina la sentimita 60 unataka walau sentimita 10 za mbao nzima kuzunguka pande zote, na kama kuna tundu wazi kwa nje unataka zaidi ya hapo. Ingiza waya mgumu kwenye tundu upime. Mchwa wanatisha watu bure, mara nyingi wao wanafuata palipokwisha kufa, we kwangua udongo wao ugonge hapohapo uone kuna nini. Na tafadhali msizibe pango kwa zege, zege halipindi na mti unayumba, unakuja kupata ufa tu, na mwenye chenso atakulaani.

Angalia na majeraha ya kujitakia. Hapa kwetu ni mawili makubwa, kuchomea taka chini ya mti mpaka gome linakufa upande mzima, na mwarobaini kubanduliwa magome ya dawa na kila anayepita. Gome likitoka kuzunguka shina lote mti huo unakufa, hata kama leo unachipua. Waya wa kuanikia nguo uliozama kwenye shina nao ni walewale.

Mizizi ndio yenyewe hasa, kwa mji wa mawe kama huu. Mizizi mingi haiendi chini sana, iko kwenye sentimita 60 za juu na inatambaa kupita kivuli cha mti. Mti uliopenyeza mizizi kwenye nyufa za mawe huwa umeshika kweli, tatizo ni ule uliokaa kwenye udongo mwembamba juu ya jiwe pana, huo ni kikombe juu ya sahani. Mimi mwenyewe nina mjohoro nyumbani Nyegezi, fundi bomba alichimba mtaro mita moja kutoka kwenye shina wakati niko kazini, akakata mizizi minene mitatu akafukia akasepa. Masika ilipokuja nikaona udongo umepata ufa kama mwezi mwandamo upande wa pili na mti umeanza kuinama. Niliukata wiki ileile. Ndio maana nasema ufa wa udongo au udongo kuinuka upande mmoja ni dharura, hapo hamisha hata watoto wasilale chumba kile.

Kuinama peke yake sio shida, mti ulioinama tangu mdogo utauona umejikunja ukarudi kutazama juu. Ulionyooka kama nguzo na umelala, huo umeinama juzi. Kama huna uhakika ning'iniza timazi, yaani uzi wenye uzito chini, kutoka alama fulani ya juu kwenye shina, pima umbali wa uzi na kitako, andika, rudia mvua zikishakolea.

Ukipanda juu angalia panda, pale shina linapogawanyika. Yenye umbo la U ina nguvu, yenye V ya kubana, gome limejikunja ndani katikati, hiyo ndio inachanika, na ukiona ufa chini yake usingoje. Matawi makavu yanajulikana. Mkrismasi na mparachichi mbao zake ni rahisi kuvunjika, mkaratusi nao unaweza kuachia tawi bila hata upepo.

Wenye viwanja kando ya ziwa, ziwa lilivyopanda 2020 mizizi ya miti mingi ilikaa kwenye maji muda mrefu, ikaoza. Iliyobaki imesimama igongeni yote. Ila ndani ya mita 60 kutoka majini sheria ya mazingira ya 2004 inabana shughuli nyingi, kwahiyo kabla ya msumeno ongea na mwenyekiti wa mtaa na afisa misitu wa halmashauri. Mti ulio karibu na waya za umeme usiupande juu, waite TANESCO. Na ukikata mti uliokumbatia jiwe kwenye mteremko acha kisiki, jua tu kwamba mizizi yake itaoza miaka inayofuata na udongo utalegea, kwahiyo panda mwingine mapema.

Kupunguza juu kwa "kunyoa" mti wote mimi sifanyi, machipukizi yanayotoka hapo yanashikwa na ngozi tu, yakiwa manene yanadondoka. Nakata tawi moja moja, naacha ile kola iliyovimba pale linapoungana na shina, na sipaki rangi wala oili chafu.

Nakagua mwezi wa tisa kabla ya vuli, na tena kila baada ya dhoruba kubwa. Piga picha ya kitako pande nne kwa simu, mwakani utalinganisha.