Kompyuta Kuukuu ya Ofisini Kuwa Mashine ya Gemu za Zamani

Kompyuta ninayoieleza hapa niliinunua kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika hapa Dodoma. Ni Dell OptiPlex 7010, aina iliyotoka mwaka 2012 na kuenea sana maofisini, yenye prosesa ya Core i5 na ram ya gigabaiti 4. Muuzaji mwenyewe alikiri kwamba haifai tena isipokuwa kuchapia barua, na kwa kazi za leo alisema kweli. Gemu za zamani, hata hivyo, hazidai mengi. Prosesa ya mashine ya gemu ya Super Nintendo ilikwenda kwa kasi ya megahezi 3.58 tu, na PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilikuwa na kasi ya megahezi 33.8 pamoja na ram ya megabaiti 2. Ni kweli kwamba emuleta, yaani programu inayoigiza tabia za mashine nyingine, huhitaji nguvu nyingi kuliko mashine yenyewe, kwa kuwa hulazimika kuigiza prosesa, picha na sauti kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kompyuta ya gigahezi 3 inabaki na akiba ya kutosha kwa gemu zote hadi PlayStation ya kwanza. Nintendo 64 itakwenda vizuri katika gemu nyingi, lakini si zote. PlayStation 2 usiitarajie.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba prosesa ni ya biti 64, kisha tazama nyuma ya kasha palipo na tundu la umeme. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Hapa kwetu ni lazima isomeke 230. Niliwahi kuwasha kompyuta nyingine bila kuitazama swichi hiyo, nikasikia mlio mmoja mkubwa, na pawa saplai ikawa imekwisha.

Kazi inayostahili muda wako kuliko nyingine zote ni kusafisha. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi ni jepesi na hupenya kila mahali, na kompyuta iliyokaa miaka kadhaa chini ya meza ya ofisi huwa na tabaka zima kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kupoozea prosesa. Joto linapozidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe, nawe utadhani ni mbovu kumbe inasongwa tu. Chomoa waya wa umeme, toa kasha nje ya nyumba, kisha gusa chuma chake kwa mkono kabla ya kushika ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, kwa sababu hewa yetu kavu hukusanya umeme tuli mwilini. Tumia brashi mpya ya kupakia rangi na kipulizia hewa; pampu ya baiskeli pia inafaa, ingawa itakuchosha. Zuia feni kwa kidole unapoipuliza ili isizunguke kwa kasi isiyo yake. Mwisho fungua kipoozeo, futa pesti iliyokauka (ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipoozeo) kwa kitambaa chenye spiriti, na uweke pesti mpya kiasi cha punje moja ya dengu katikati ya prosesa.

Ukiwa umefungua kasha, badilisha betri ya duara ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ikiwa imekufa, saa itarudi nyuma kila umeme ukikatika na mipangilio ya bayosi, yaani programu ya msingi inayoamsha kompyuta, itasahaulika. Kama una fedha kidogo ya ziada, ongeza kipande cha pili cha ram kilicho sawa na cha kwanza: picha za kompyuta hizi hutumia ram hiyohiyo, na vipande viwili vinavyofanya kazi pamoja huipitisha data upesi zaidi. Kadi ya picha sikushauri. Fedha hiyo inunulie padi nzuri, yaani kidhibiti cha mkononi cha kuchezea, kwa kuwa padi ndiyo utakayoishika kila siku.

Mfumo ninaoupendelea ni Batocera, ambao ni wa bure, umejengwa juu ya Linux na huja na emuleta zake tayari. Pakua faili la kompyuta za kawaida za biti 64 na uliandike kwenye flashi ya gigabaiti 16 au zaidi kwa programu ya balenaEtcher. Kumbuka kwamba kila kilichokuwamo kwenye flashi kitafutika. Chomeka flashi, washa kompyuta na ubonyeze F12 ikiwa ni Dell, au F9 ikiwa ni HP, kisha chagua flashi hiyo. Ikigoma, ingia kwenye bayosi na uzime Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka. Cheza kwa flashi wiki moja au mbili kabla ya kuhamishia mfumo kwenye diski ya ndani. Diski hiyo huenda bado ina nyaraka za ofisi ilikotoka. Usizifungue, bali ifute diski nzima kwa programu inayoandika sifuri juu ya kila kitu, maana kuifomati kwa haraka huziacha data mahali pake.

Gemu huwekwa ndani ya folda ya roms, kila mashine na folda yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia, kwa hiyo anza na gemu ulizonazo mwenyewe. Hapa kompyuta ya ofisi ina faida isiyotarajiwa: kisomeo chake cha DVD kinaweza kunakili diski zako halali za PlayStation. Nakala hiyo huwa na mafaili mawili, la bin na la cue; yakae pamoja. Zipo pia gemu ambazo wenyewe wameziruhusu zigawiwe bure, kama Beneath a Steel Sky, iliyoruhusiwa mwaka 2003.

Kuhusu kioo, usikimbilie televisheni pana. Vile vioo vya ofisi vya inchi 19, vyenye umbo linalokaribia mraba, vinakaribiana na umbo la televisheni za kichogo ambazo gemu hizi zilitengenezewa, na havimnyooshi mchezaji akawa mnene kama gunia. Waya wa VGA unaounganisha vioo hivyo na kompyuta haubebi sauti, hivyo utahitaji spika za kuchomeka kwenye tundu la sauti. Ukitaka televisheni, OptiPlex 7010 haina HDMI. Nunua kigeuzi kutoka tundu lake la DisplayPort kwenda HDMI, ambacho hupitisha picha na sauti pamoja.

Unapomaliza kucheza, toka kwenye gemu kisha uzime kupitia menyu. Ukichomoa waya ghafla, yale uliyohifadhi yanaweza kuharibika, na ndiyo sababu UPS ndogo iliyochakaa (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika), mradi betri yake ishikilie dakika tano, ni rafiki mzuri wa mashine hii.