Feni ya Kabini Imegoma: Pima Kwanza, Mota Ununue Baadaye

Kaskazi inapopamba moto Malindi, feni ya ndani ya gari ikizima watu wengi hukimbilia kununua mota. Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni rezista (kipande kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole), plagi au waya wa erthi (unaorudisha umeme kupitia bodi), na mota mpya ikifungwa juu ya kosa hilo nayo itakaa kimya vilevile.

Anza na swichi, bila kufungua kitu. Washa funguo, pitisha spidi zote moja baada ya nyingine na usikilize. Ikifanya kazi spidi ya juu peke yake, shuku rezista: spidi za chini hupitia kwenye rezista, ya juu huiruka. Ikikosekana ya juu peke yake, tazama swichi, waya wake, au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya spidi hiyo kama gari lako linayo. Zikikosekana zote, nenda kwenye fyuzi, rilei, erthi na mota yenyewe. Gari lenye kiyoyozi cha kujiendesha halina rezista ya namna hii. Lina moduli ya elektroniki inayopandisha na kushusha spidi, na vipimo vyake ni vingine.

Fyuzi ya feni katika magari mengi ya zamani ni ya ampea 30 au 40. Ikiwa imekatika, weka ya namba ileile, usizidishe hata kidogo, maana waya ndio utakaoungua badala yake. Ikikatika tena, chomoa plagi ya mota kisha ujaribu. Ikidumu, kosa liko kwenye mota. Ikikatika na mota imechomolewa, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi.

Sasa ifikie mota. Kwa usukani wa kulia, mara nyingi iko upande wa abiria, chini au nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Inashikwa na skrubu tatu hivi. Bisibisi ya nyota au spana ya namba 8 hadi 10 hutosha. Funguo zikiwa zimewashwa na swichi kwenye spidi ya juu, ichome multimita (kipimo cha umeme) kwenye pini mbili za plagi, plagi ikiwa bado imeshika mota. Ukisoma volti 12 au zaidi na mota haizunguki, mota imekufa. Ukisoma sifuri au volti chache, umeme haufiki, au hauna njia ya kurudi.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Katika Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa hasi, si upande wa chanya. Feni ikiwa imezimwa na rilei yake imeshika, tasta ya taa inaweza kuwaka kwenye nyaya zote mbili za mota, na hilo si kosa. Ndiyo maana tunapima kati ya pini mbili, hatupimi pini moja na bodi tu. Kisha pima upande wa hasi peke yake: feni ikiwa spidi ya juu, ncha moja ya multimita kwenye pini ya hasi ya mota, nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani, kwenye swichi, plagi au erthi. Hapa pwani hilo ni la kawaida sana. Hewa ya chumvi huifanya shaba iote kutu ya kijani ndani ya plagi, mahali ambapo jicho halifiki. Fungua skrubu ya erthi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu.

Mota ikizunguka unapoigonga kwa mpini wa bisibisi, brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha. Itakusaidia siku chache, kisha itasimama tena. Ikilia au ikiwa nzito kuizungusha kwa mkono, bushi (vishikio vya mhimili wa mota) zimekauka. Huyo ndiye adui mkubwa: mota nzito hula ampea nyingi, plagi inayeyuka, rezista inaungua. Kwa hiyo rezista iliyoungua usiibadilishe peke yake bila kuuliza kwa nini imeungua. Ukitaka kupima ampea, tumia mita ya kubana waya inayosoma umeme wa betri. Multimita ya kawaida huishia ampea 10, na feni kwenye spidi ya juu huzidi hapo.

Rezista hukaa ndani ya njia ya hewa kwa sababu feni ndiyo inayoipoza. Kichujio kikiziba mchanga, au majani ya mwarobaini yakiingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, hewa hupungua, rezista hupata joto na fyuzi yake ya joto hukatika. Anayeegesha gari chini ya mti atoe majani hayo kila wiki, na akague tundu la maji lisizibe. Usiiunganishe fyuzi hiyo ya joto kwa waya mtupu. Imewekwa kuzuia moto.

Kabla ya kurudisha kila kitu, jaribu mota kwa waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi ya ampea 30 katikati. Ikipiga kelele za majani, safisha gurudumu la feni. Na ukishafunga mota nyingine, hewa ikitoka dhaifu ilhali inazunguka vizuri, huenda nyaya mbili zimegeuzwa. Gurudumu hilo likizunguka kinyume bado husukuma hewa njia ileile, ila kidogo, na wengi hudhani kiyoyozi kimeishiwa gesi. Badilisha nyaya, kisha usikie tofauti.