Pickup mpya: kipi uchukue nacho kiwandani, kipi ufunge mwenyewe baadae (mambo ya kuzingatia kabla hujalipia)

Msimu wa korosho ukishakolea na hela za mnada zikianza kusoma kwenye akaunti, kuanzia Mtwara mjini, Masasi, Newala mpaka Ruangwa huko stori zinageuka pickup tu, nani kachukua Hilux, nani anaisubiria D-Max, nani kaapa yeye ni Ranger au atembee kwa miguu. Safi kabisa. Kazi inaanza kwenye karatasi ya bei, maana gari hiyohiyo moja ina madaraja kibao, ya chini kabisa imekuja kavu, ya juu ina mpaka siti za ngozi, na tofauti ya bei hapo katikati unanunua kiwanja. Sasa mtu anajiuliza, nichukue ya chini vitu nifunge mwenyewe taratibu, au nimalize kabisa nilale?

Mi nagawa hivi. Kitu ambacho ukikitaka baadae lazima gari ifumuliwe, chukua nacho kiwandani hata kama kinauma. Kitu cha kufunga kwa bolti na spana, subiri.

Injini ndo ya kwanza hapo. Hilux ya injini ya lita 2.8 otomatiki inatoa Nm 500 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kuvuta), ya 2.4 otomatiki inatoa 400, na hiyo tofauti huiongezi gereji, wale wa kukuambia watakuchezea kompyuta ya gari ipate nguvu wanakuuzia matatizo tu na waranti inaondoka nayo. Ila kama mizunguko yako ni Mtwara–Mikindani–Lindi kwenye lami na mzigo wa kawaida basi 2.4 inakutosha sana, usimsikilize mtu. Ya pili ni 4x4, hii usiibanie hela. Mvua zetu za kusini zinaanza kuelekea Desemba mpaka Aprili huko, na ukiwa na shughuli za Liwale au vijiji vya ndani Nachingwea unajua nachosema, tope lile halina undugu, na mchanga wa kwenye mashamba ya Tandahimba nao ni habari nyingine. Sambamba na hiyo ulizia loki ya difu ya nyuma, ile ya kitufe inayofanya matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja ukikwama. Kufunga baadae inawezekana, ARB wa Australia wanatengeneza za upepo, lakini hapo difu inafunguliwa, inawekwa kompresa, inapitishwa mipira, na unahitaji fundi anayejua kuseti difu kweli, sio wa kubahatisha. Eabegi (mifuko ya hewa ya kukulinda kwenye ajali) na ule mfumo wa kuzuia gari isiserereke ni hivohivo, kama daraja la chini hazimo hutaziweka wewe. Kuna watu wanaruka eabegi za pembeni wanachukua skrini kubwa, mi hiyo huwa sielewi kabisa, skrini utaiokota Kariakoo muda wowote.

Jambo watu wengi hawalipigii hesabu ni uzito, na hapa naomba tukae kidogo. Ukiambiwa pickup inabeba tani moja, hiyo tani sio ya kwenye bodi peke yake, ni kila kitu ulichoongeza kwenye gari ilivyotoka kiwandani, watu pamoja na vyuma vyako. Chukua mfano, dabo kebini inayobeba kilo 1,000. Watu wanne wa kilo 70 tayari ni 280, imebaki 720. Ukifunga kanopi (lile paa la kufunika bodi) ya kilo 60, ngao ya chuma mbele kilo 50, winchi ya kujivuta ukikwama na makorokoro mengine kilo 40, umebakiwa na 570. Magunia ya korosho ya kilo 80 yanaingia saba, la nane umeshazidisha. Ilikuwa bila hivyo vyuma ubebe tisa! Kwahiyo kila unachofunga unakilipia mara mbili, dukani na kwenye mzigo, na kama gari ni ya biashara hayo magunia mawili kila tripu ni hela yako inabaki ghalani. Na usidanganyike kwamba ukiongeza springi za nyuma basi umeongeza uwezo, springi inazuia gari isikalie makalio tu, ekseli, breki na chesisi ni zilezile. Tena springi ngumu gari ikiwa tupu inarukaruka kwenye makorogesho mpaka mgongo unaomba msamaha. Tembea nayo kwanza na mzigo wako halisi, ukiona inalala sana ndo uongee na fundi.

Halafu kuna chumvi. Sisi wa pwani hapa tuna upepo wa bahari, na wengine ndo tunabeba samaki na chumvi yenyewe kutoka mashambani kule Lindi na Kilwa, kwahiyo bodi ya nyuma inaliwa haraka kuliko ya mtu wa Dodoma. Lile beseni la plastiki la kudumbukiza kwenye bodi linapendeza siku ya kwanza, ila chini yake unaingia mchanga na maji ya chumvi, linasuguana na rangi, na kutu unakuja kuiona siku umelitoa. Kama unaweza, weka ile ya kupuliza inayoshikana na bati lenyewe, gari ikiwa bado mpya haijakwaruzika. Kama tayari una la plastiki basi jiwekee utaratibu wa kulitoa na kuosha chini yake. Na kila tundu analotoboa fundi, iwe la kanopi, la ngazi za pembeni au la antena, mwambie apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kukaza bolti, simama palepale uone anapaka. Huku kwetu tundu tupu halichukui muda.

Ngao ya mbele watu wanaipenda kwa sababu ya ng'ombe na bodaboda, sawa, ila kwa gari mpya hizi uliza vitu viwili. Je, imetengenezwa kwa modeli hiyo na inakubaliana na eabegi? Maana vyuma vya kuchomelea mtaani vinabadilisha namna gari inavyopokea kishindo. Na pili, madaraja ya juu ya Ranger na Hilux mpya mengine yana rada mbele, ukiiziba na chuma gari inaanza kupiga kelele za hatari ambayo haipo. Kwahiyo umelipia daraja la juu halafu umeliua mwenyewe, kichekesho.

Matairi nayo. Rimu ya 17 ni bora kwetu kuliko 18, mpira unakuwa mnene unameza mashimo, kwahiyo daraja la juu wakati mwingine linakuletea kitu kibaya zaidi kwa barabara zetu. Ukitoka 265/65R17 ukaenda 265/70R17 (hiyo 65 na 70 ni unene wa mpira) tairi linakua kama asilimia 3.4, yaani dashibodi inasoma 100 wewe uko 103 na kitu. Sio mbaya, ila trafiki wa tochi hatajali maelezo yako. Kunyanyua gari inchi mbili mi naona kwa wengi ni urembo.

Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda mpaka usawa wa paa: haiifanyi gari kuwa mtumbwi. Hilux kiwandani wanakuambia maji ya kina cha milimita 700, Ranger 800, na snokeli inapandisha mdomo wa hewa tu, difu na nyaya ziko palepale chini. Mei 2024 barabara ilivyokatika kule Somanga baada ya kimbunga Hidaya hakuna snokeli ingekusaidia.

Umeme ndo sehemu ya kuwa mkali. Gari za sasa hazipendi kukatwa waya, taa za spoti zifungwe na rilei yake (swichi ya umeme inayobeba moto mkubwa) na fyuzi yake moja kwa moja toka kwenye betri, sio kudokoa waya wa taa kubwa. Muulize dila kabla, kwa maandishi, kipi kinagusa waranti na kipi hakigusi, na hivyo vifaa vyao wenyewe wanavyofunga vina waranti ya gari au ya peke yake. Ulizia pia sevisi na spea utavipata wapi, kwa sababu Dar ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na kifaa cha ajabu ulichofunga kikizingua fundi wa karibu atakikodolea macho tu.

Kava za siti, mazulia, redio, kamera ya nyuma, turubai, hivi usimlipe dila bei yake, utafunga mwenyewe kwa nafuu. Traka nayo funga mapema, ila muulize dila kwanza waya zipite wapi.

Mwisho bima. Ukikata bima kubwa wao wanajua gari ya kiwandani, kanopi na winchi hawavijui mpaka uvitaje. Tunza risiti, piga picha, wapelekee waviandike kwenye mkataba na thamani yake, na ufanye hivyo wiki uliyofunga, sio siku umepigwa.